Nambari ya OB ya Lenny

Jumanne saa nne asubuhi Rosebella alikuwa akikata sukuma wiki katika chumba alichoishi na mama yake mtaani Langas. Juu ya mtungi wa maji ilikaa tasnifu yake ya uzamili katika sheria ya haki za binadamu, imefunguliwa kwenye sura ya nne. Msimamizi wake, Daktari Jelagat, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Bila nambari ya OB huu si ushahidi, ni hadithi ya familia. Lete nambari kufikia Ijumaa, au uiondoe sura hii."

Sura hiyo ilihusu haki ya kuishi, na aliyeelezwa ndani yake ni mdogo wake, Lenny, aliyepigwa risasi na polisi siku ya maandamano akitoka kununua unga. Mara tatu mama yao alikwenda kituoni ili kifo hicho kiandikwe katika OB, daftari la matukio. Mara tatu aliambiwa daftari limejaa.

Lenny aliingia, akavua viatu, akasoma yale maandishi mekundu. Tangu azikwe alikuwa akija kila Jumanne. Shati lake lilikuwa na tundu kifuani, ingawa mama alikuwa amelishona mara mbili.

"Sista, masomo yote hayo na umeshindwa kuripoti? Twende, nitaripoti mwenyewe."

"Vaa sweta kwanza. Kuna baridi."

Kituoni walipanga foleni nyuma ya mwanamke aliyeibiwa kuku. Zamu yao ilipofika, Afande Ondiek alifungua daftari. Lilikuwa na nafasi tele.

"Mlalamishi ni nani?"

"Mimi," Lenny akasema.

"Na marehemu?"

"Pia ni mimi."

"Haiwezekani, boss. Marehemu huripotiwa na jamaa."

"Mimi ni dadake," Rosebella akasema.

"Ulimwona aliyempiga?"

"Sikuwepo."

"Mimi nilimwona," Lenny akasema. "Ni yule pale anayepiga muhuri."

Yule askari aliinua kichwa, akamtambua Lenny, akampungia mkono na kuendelea na kazi.

Ondiek akashusha sauti. "Kijana, unanitafutia uhamisho. Hakuna kitu kingine ulipoteza?"

Lenny akapapasa mifuko. "Kitambulisho. Kilichukuliwa siku ile."

"Hiyo sasa naweza."

Akaandika, akatoa karatasi yenye nambari, akaipeleka kwa yule askari ikapigwe muhuri.

Ijumaa Daktari Jelagat aliitazama nambari kwenye tanbihi, akaweka tiki. Hakuuliza ilikuwa ya nini. "Sasa huu ni utafiti," akasema. Sura ikapita.

Jumanne iliyofuata Lenny aliomba asomewe ile karatasi. Rosebella akasoma: Lenny Wafula Nyongesa, mkazi wa Langas, amepoteza kitambulisho kwa uzembe wake mwenyewe.

Lenny aliichukua karatasi, akaikunja.

"Angalau jina wameandika sawa," akasema. "Kule mochari waliniandika Mwanamume Asiyejulikana."