Kifua cha Ojakol kwa Jina la Okedi

Mwaka wa sabini na tatu gari la kupiga picha za kifua lilikuja Malaba, likaegeshwa nyuma ya uwanja wa forodha. Lilikuwa jeupe, na ngazi ya mbao ya vidato vitatu, na pazia jeusi mlangoni. Ukiingia unavua shati, unabana kifua kwenye bamba baridi kama jiwe la kisimani, unavuta pumzi, unaishika. Basi, umemaliza. Walisema linatafuta kifua kikuu mapema, kabla mtu hajakohoa hata mara moja, na kila afanyaye kazi mpakani apigwe picha.

Bwanangu Okedi alikuwa ajenti, akiwatolea wenye malori karatasi zao forodhani. Na sisi watu wa Malaba, foleni tunasimamiana. Karatasi yako unampa mtu, muhuri unagongwa, unaletewa ulipo. Siku ile malori kumi na moja ya chumvi yalikuwa yanamngoja, kwa hiyo alimpa kadi yake Ojakol, kuli wake, akamsimamie. Ojakol akaenda, akapigwa picha kwa jina la Okedi, akarudi na muhuri. Zamu yake mwenyewe ilipofika hakwenda. Alisema kifua ni kilekile, kimeshaonekana.

Haya yote mimi sikuyajua. Baada ya wiki tatu barua ikaja: picha ya Bwana Okedi ina alama ndogo juu ya pafu la kulia, aende hospitali ya Kocholia apimwe damu na apigwe picha kubwa.

Nililia kidogo, halafu nikaanza kazi. Nilimtengea kikombe, sahani na kijiko. Mrija wake mrefu wa kunywea pombe chunguni pamoja na wazee wenzake wa Kiteso niliuchomeka juu kabisa ya dari. Kila asubuhi nilimpa mayai mawili na maziwa. Siku nne alikula vyote. Mimi nikawa nashangaa, maana mtu aliyeambiwa ana ugonjwa huuliza atapona au hatapona. Huyu aliuliza tu kama kuna chumvi.

Siku ya tano Petronilla, mke wa Ojakol, alikuja kuazima chekeche, Akurut yuko mgongoni, mtoto wa mwaka na nusu. Katika maongezi akasema huyu mtoto amemshinda, hashikwi na usingizi mpaka alazwe juu ya kifua cha baba yake. Okedi akaliweka yai chini. Petronilla alipoondoka akaniambia:

"Mama Euphrasia, kile kifua si changu."

"Ni cha nani? Ulikiazima?"

"Cha Ojakol."

Ndipo akanieleza yote. Aliogopa kunyang'anywa kibali cha forodha. Nikamwambia kibali huombwa tena, lakini yule mtoto analala pale pale penye alama. Akavaa viatu.

Ojakol alimcheka. Alikuwa na gunia mgongoni, akaomba aongezewe la pili, akauliza kama mgonjwa hubeba hivyo. Tena barua ina jina la Okedi, yeye inamhusu nini? Petronilla hakubishana naye. Alisema tu mtoto halali tena hapo mpaka hapo papimwe. Akurut alilia kutwa nzima, na kabla jua halijazama Ojakol alikuwa anauliza basi la Kocholia huondoka saa ngapi.

Tulikwenda wote. Okedi alimwambia sista ukweli, kofia mkononi. Sista akaitazama kadi, akamtazama yeye.

"Mzee, chumvi unaweza kupitishiwa na mtu. Pafu hapana."

Akatupima sote. Damu yetu ilisimamishwa kwenye vijibomba vyembamba vya kioo, saa nzima, waone inavyoshuka. Yetu ilishuka polepole, ya Ojakol ikateremka upesi, ishara kwamba mwilini mna ugonjwa. Na kwenye picha kubwa alama ilikuwepo, kama punje ya haragwe. Hana kikohozi, hana homa, hajapungua hata ratili moja. Sista alisema tumewahi. Ojakol akaandikiwa sindano za miezi miwili na vidonge vya mwaka na nusu. Okedi alisimamishwa kazi mwezi mzima, na hakulalamika.

Akabaki Akurut. Alidungwa sindano ndogo ya ngozini, mkono wa kushoto, akaambiwa arudi siku ya tatu: pakivimba, ugonjwa umemfikia. Petronilla alizishona ncha za mikono yote miwili ya gauni la mtoto asijikune, na siku zote tatu hakuthubutu kuchungulia.

Siku ya tatu nilimsindikiza. Sista akakata uzi kwa mkasi, akapandisha nguo, akapitisha kidole. Petronilla alikuwa anatazama ukutani.

"Hakuna kitu," sista akasema.

Petronilla akamwomba apitishe tena. Akapitisha. Ngozi ilikuwa sawa, haina hata kipele.

Njia nzima mpaka stendi mkono wa gauni ulikuwa umekunjwa hadi begani, na kila aliyetusalimu aliambiwa asogee auone.