Vipimo Alivyovikataa Fundi Milimita

Fundi Milimita aliamini kwamba binadamu wote ni waongo mpaka wapimwe. Wanaume huvuta matumbo ndani, wanawake husimama kwa vidole vya miguu, na walimu wa ngoma husema "we kadiria tu, Fundi", kauli ambayo kwake ilikuwa sawa na kutukana mbele ya wakwe. Vazi la kucheza, alikuwa akihubiri, halikadiriwi. Mchezaji anaruka, anainama, anarusha mikono juu. Likipungua vidole viwili tu linamkaba kama mgambo. Kwa hiyo kila mteja alipimwa akiwa na nguo nyepesi, mikono chini kisha juu, huku akipumua kama mtu mwenye dhamiri safi.

"Tepu haina shemeji," alikuwa akimalizia, na dada yake, aliyewapima wateja wa kike katika chumba chao cha ushonaji, akiitikia "amina" bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Siku moja akapigiwa simu na binti yake. Wazazi walipoachana, binti huyo alichukuliwa na mama yake mji wa mbali, akiwa na miaka kumi. Likizo nne za mwisho wa mwaka zilikuja na kupita, kila moja na udhuru wake, na baba na mwana wakabaki kuonana kwa masikio.

"Baba, kikundi chetu cha shule kinakuja kushindana huko kwenu. Wenzangu wananunua mavazi. Mimi nimeshawaambia baba yangu ni fundi, nishonee wewe."

Fundi akajibu kwamba ana kazi nyingi ila ataona. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akapenga kamasi kwa muda mrefu usio wa kawaida.

Vipimo vilitumwa na mama mtoto kwa ujumbe wa sauti. Alisoma kifua, kiuno na nyonga polepole, kama mtu anayeapishwa, kisha akafika kwenye kile kipimo kinachobeba vazi zima la kubana mwili: kutoka begani, kupita katikati ya miguu, kupanda mgongoni na kurudi begani pale pale. "Mia na hamsini," alisema. "Nimepima mara mbili."

Fundi akasimamisha ujumbe. "Mia na hamsini! Huyo ni mtoto au nguzo ya umeme?"

"Watoto hukua, kaka," dada yake alisema. "Ndiyo kazi wanayoijua."

"Amempima juu ya sweta. Namjua mimi. Mwanamke huyu alipima pazia, dirisha likabaki nusu uchi."

"Mpigie umuulize."

"Nimuulize nini kuhusu mwanangu? Nimemshonea tangu hajaota meno!"

"Kata ulichopewa, kaka."

Picha hazikumsaidia. Binti alikuwa akijipiga uso tu, tena nusu ya uso, kama mtu anayechungulia dirishani. Fundi akasimama kando ya meza ya kukatia, akamkumbuka alivyokuwa akipita chini yake kwa kuinama kidogo tu. Kwenye kipimo chake cha zamani akaongeza sentimita za miaka minne, akaongeza na nyingine za ukarimu, akafika mia na thelathini na tano, akaona mtoto amekua vya kutosha. Akakata. Wiki ile nzima alishona shanga moja moja kwa mkono, akiimba vibaya.

Siku ya mashindano, yeye na dada yake walisimama mlangoni mwa ukumbi, vazi likiwa ndani ya mfuko, wakitazama wanafunzi wakishuka kwenye basi. Fundi alikuwa akitafuta chini, usawa wa mikoba. Msichana mrefu akasimama mbele yake.

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwalimu. Wale watoto wako wameshashuka wote?"

Msichana akaangua kicheko, akamrukia shingoni. "Baba! Hujaacha tu utani wako!"

Fundi naye akacheka. Hakuwa na la kufanya ila kucheka. Lakini juu ya bega la mwanawe, bega lililomfikia kidevuni, macho yake yalikutana na ya dada yake, na wote wawili wakautazama mfuko.

"Nipe, nipe nikavae!" Binti akaupokea kwa mikono miwili na kukimbia nao chumba cha kubadilishia nguo. Shangazi akamfuata. Fundi alibaki kwenye korido ya nje, akisoma tangazo la kuzima moto kana kwamba kesho ana mtihani.

Walipotoka, binti alikuwa amelivaa. Shanga ziliwaka. Mikanda ya mabega ilikuwa imezama nyamani, na yeye alitembea amepinda, kama bibi anayetafuta sindano.

"Nikiinama hivi inakaa, Baba," alisema haraka. "Kwenye ngoma yetu tunainama sana."

"Nyanyua mikono, mama."

Akajaribu. Ilifika masikioni, ikakwama, na machozi yakamlenga.

"Mama ndiye aliyekosea kupima, eh?"

Fundi hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kwa namna ambayo wakili mzuri angeweza kuitetea. Ikatosha. Binti akampigia mama yake kwa spika.

"Mama, umeniaibisha! Umempa Baba vipimo vya uongo, nguo hainiingii!"

Upande wa pili, sauti ile ya polepole ikasema, "Pole, mwanangu. Labda tepu ilinichanganya. Mwombe radhi baba yako, amepoteza nguvu zake bure."

Simu ikakatika. Shangazi akageukia ukuta.

"Hakukosea," Fundi alisema.

"Nini?"

"Mama yako. Alipima sawasawa. Mimi ndiye niliyepunguza."

Binti alimtazama bila kuelewa, kisha akaanza kuelewa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Mwalimu wao alikuwa ameshapita na vazi la akiba, pana, la rangi nyingine, akisema atakayelivaa atasimama mstari wa nyuma. Binti akaingia nalo ndani, akatoka amelishika kiunoni lisimvuke.

"Kwani ulidhani mimi niko kiasi gani?"

Fundi akanyoosha kiganja, akakiweka hewani, chini kidogo ya kifua chake. Binti akakitazama. Kisha akapatazama pale chini ya kiganja palipokuwa patupu, kwa muda, kama anayemkagua mtoto mwingine ambaye kumbe wanagombania naye nafasi moja.

"Naitwa, Baba," alisema, akaenda.

Ngoma zilipoanza ndani, Fundi alikuwa bado amesimama vile vile.

"Shusha mkono, kaka," dada yake alimwambia. "Watu wanapita."