Kichwa cha Saa Kumi

Kitunguu humliza mtu macho mawili. Hilo halihitaji daktari. Kwa hiyo Jumatano ile, nilipomkuta Hanifa jikoni ameinamia kisu, jicho la kushoto linachuruzika na la kulia kavu kabisa, sikuhangaika kuuliza habari za vitunguu. Nilimpokonya kisu nikamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Kope la kushoto lilikuwa limelegea, na pua ya upande huohuo inatoka maji.

"Kimerudi," nikasema.

"Kidogo tu, shangazi."

"Kidogo tangu lini?"

"Mwezi sasa. Saa hizo wewe unakuwa sokoni." Damu ikanichemka.

Hanifa nimemlea mimi. Mama yake alifariki mtoto hajaanza shule, na kaka yangu Mselemu, baba yake, ni mtu mwema lakini hata kumfunga mtoto vifungo vya sare ilikuwa kesi. Kwa hiyo nikimwita mwanangu, msinisahihishe. Ninyi mnamjua mwalimu Hanifa wa chekechea, mpole, mcheshi. Mimi nimemwona akigonga paji la uso ukutani akiomba kichwa kipasuke yaishe.

Kilimwanza miaka miwili iliyopita, hapahapa Singida mjini. Kila siku saa kumi alasiri, nyuma ya jicho la kushoto. Hawezi kulala, hawezi kukaa. Anatembea tu, huku na kule, anagumia, mpaka kimwachie. Kikimwachia anakaa chini mzima kabisa, anaomba maji ya kunywa. Watu walitupa ushauri, na mji huu kwa ushauri haujambo. Wakasema jino, likang'olewa jino zima lisilo hata na tobo. Wakasema jini, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya, mpaka mimi nikaogopa. Mwisho tukampata daktari mmoja kijana, Felista, aliyemsikiliza tangu mwanzo bila kumkatiza. Akaupa ugonjwa jina refu la Kizungu ambalo mpaka leo ulimi wangu umelikataa, akasema ni ugonjwa wa kichwa, unajulikana, na jini halina kazi hapo.

Dawa za kwanza zilishindwa. Ndipo akampima damu, akamwanzishia vitamini D kwa kipimo anachokisimamia mwenyewe, pamoja na vidonge vya magnesiamu, vyote vimezwe na chakula kikubwa cha siku. "Ni vitamini ya jua, mama," akanieleza. Nikamwambia, "Daktari, jua la Singida lote hili, na bado nikanunue jua dukani?" Akacheka, akasema nikanunue. Nikanunua, na wallahi kichwa kikanyamaza. Kilinyamaza karibu mwaka. Hanifa akanawiri, akaanza kuimba akifagia, na mchumba akatokea.

Mchumba ni Abdulmajidi wa Mitundu, anauza asali. Alikuja sokoni kwenye meza yangu ya mafuta ya alizeti kutafuta madumu matupu, akamkuta Hanifa ananisaidia. Basi kijana akawa na shida ya madumu kila wiki, mpaka nikamwambia aseme shida yake ya kweli aache kunijazia watu. Hanifa alimweleza habari za kichwa, naye akasema sawa. Tabu ilikuwa mama yake. Mama Majidi aliwahi kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu binti alianguka akitetemeka kwenye ngoma. Alisema jini halivuki kizingiti chake, basi, mjadala ukafungwa. Yeye hatukumwambia. Kichwa kilikuwa kimeisha, tungemwambia nini?

Sasa kimerudi, Ijumaa mama huyo anakuja kuleta begi la bibi harusi, na Jumapili ni ndoa.

Nikampigia daktari palepale, mikono inanuka vitunguu.

"Anameza dawa?" akauliza.

"Anameza. Nasimama hapo nikimtazama."

"Na chakula?"

"Na chakula cha mchana, kama ulivyosema."

Akasema nimlete apimwe damu, na kikimbana zaidi nimkimbize akapewe oksijeni. Hanifa akagoma. Mwari ameshawekwa ndani, akionekana hospitali wiki ya harusi, jioni hiyohiyo Mitundu wanajua. Alilia, safari hii macho yote mawili, akasema shangazi nifichie mpaka Jumapili tu. Nikakubali. Nikawapigia wakwe, nikawaambia Ijumaa waje asubuhi, tena mapema, kuku watakuwa wameshachinjwa.

Wakapata pancha Itigi. Walifika saa tisa na nusu. Niliposikia vigelegele getini roho ilinipaa.

Mama Majidi aliingia na wanawake wenzake wanne, wakaketi mkekani, begi likafunguliwa. Khanga zilitoka, vitenge vikatoka, manukato, viatu, kila kitu kinapigiwa kelele. Nami nilishangilia kuliko wote, jicho langu liko kwenye saa ya ukutani. Majidi mwenyewe alibaki nje kwenye gari, maana bibi harusi hamwoni mpaka ndoa ifungwe. Ilipogonga saa kumi nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, kisha nyayo za mtu uani.

"Tunamtaka mwari wetu tumwone," Mama Majidi akasema.

"Anajiandaa. Karibuni pilau kwanza."

Wakala. Nikawasimulia bei ya alizeti, mvua, mashine za kukamulia na mashudu yanavyogombaniwa na wafugaji. Mambo ambayo hata mimi yananichosha.

"Ziada, mwari anajiandaa kwenda Makka?" Mama Majidi akaniuliza.

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikiwaongezea pilau. Kisha akaomba kwenda msalani, na choo chetu kiko uani. Nikasema ngoja nikaangalie kama kuna maji. Akasema maji atachota mwenyewe, huyo akainuka, kashika kopo. Ni mama mkubwa wa mwili lakini kwa kutembea yuko mwepesi. Nilimkuta ameshafika nje.

Hanifa alikuwa peku, khanga imemwanguka begani, kiganja amekikandamiza kwenye jicho, anakwenda na kurudi kati ya mapipa yangu ya mafuta. Anagumia. Alituona, lakini hakuweza kusimama. Kikimshika hawezi kusimama hata ukimwekea bunduki.

"Astaghfirullah," Mama Majidi akasema. Akanigeukia. "Mlitaka kutuozesha jini, Ziada. Na pilau mkatulisha."

Ningekuwa na akili ningemwomba tuzungumze. Lakini mimi sina breki. Nilimwambia kama anatafuta jini ajitazame kwenye kioo, maana mtoto anaumwa na yeye anawaza pilau. Wanawake wakajazana mlangoni. Mselemu akatoka sebuleni, akaniona uso, akarudi. Mama Majidi akapaza sauti kuelekea getini.

"Majidi, njoo ubebe begi. Tunaondoka."

Majidi akaingia kwa geti la uani. Wale wanawake wakapiga ukelele wa kumfunika bibi harusi, asionekane. Yeye hakuwasikiliza. Alimtazama mama yake, akamtazama Hanifa, akavua ndala zake akamfuata.

"Nikushike au nisikushike?" akamuuliza.

"Usinishike. Tembea."

Akatembea. Wakawa wanakwenda pamoja mpaka ukutani, wanageuka, wanarudi, na yeye hasemi neno. Mimi nilishasahau ugomvi. Nilikuwa nimejishika kifua, nampenda kijana wa watu kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Majidi, hunisikii?" mama yake akauliza.

"Nakusikia, mama. Ni ugonjwa wake, aliniambia kabla sijaposa. Nilikuja kuposa najua."

"Ukanificha mimi?"

"Nilikuficha. Kwa hilo nigombeze mimi, yeye muache."

Mama Majidi akabaki amesimama, kopo mkononi. Nadhani alisubiri lile jini liseme, lidai marashi, litaje jina la ukoo wake. Halikusema kitu. Alichokiona ni msichana anayeteseka na mwanawe anayetembea naye, mpaka kivuli cha ukuta kikasogea. Halafu kikakatika, kama kawaida yake, ghafla. Hanifa akakaa juu ya dumu lililopinduliwa, akapumua, akajifuta pua. Ndipo akamwona vizuri mama mkwe. Akajifunika khanga, akaenda kupiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mama Majidi akahamishia kopo mkono wa pili.

"Marahaba," Mama Majidi akasema. Kisha akanitazama mimi, kwa hasira bado. "Jini gani linaamkia watu?"

Nikajua hapo pana upenyo. Nikakimbilia jikoni, nikarudi na sahani ya pilau, maana kichwa kikimwachia huwa ana njaa. Hanifa akachambua kachumbari pembeni, pilau akaisukuma.

"Sili mafuta, shangazi."

"Huli mafuta tangu lini?"

"Tangu lije gauni." Akashusha sauti, lakini nani hakusikia? "Halinifungi mgongoni. Nakula kabichi ya kuchemsha na matango. Chakula chako nampa paka."

Jamani! Miezi miwili tangu gauni lije nimesimamia kidonge kinavyoingia kinywani, kumbe nikigeuka tu kwenda sokoni sahani anaila paka, na paka kweli alikuwa ameumuka. Nikakumbuka daktari alivyoniuliza habari za chakula, nikampigia Felista, nikaweka simu sauti kubwa.

"Daktari, dawa anameza na kabichi ya kuchemsha. Kabichi na maji."

"Bila mafuta kabisa?"

"Hata tone."

"Mama, vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta. Ukiimeza na chakula kisicho na mafuta, mwili unaweza kupata kidogo sana. Siwezi kuapa mpaka nipime damu, lakini hapo ndipo nitakapoanza kutafuta. Asiongeze vidonge mwenyewe. Ale chakula cha kawaida, Jumatatu umlete."

Nilipiga kigelegele mpaka mtaa wa pili wakaitikia bila kujua wanachoitikia. Dawa haijashindwa. Mwezi mzima mtoto alikuwa anaamini kimya kimya kwamba dawa yake imekufa na hakuna nyingine, na mimi Jumatano na Alhamisi sikulala kwa hofu hiyohiyo. Kumbe labda ni kabichi tu. Nusu ya Singida inakaangia mafuta yangu, yamejaa mapipa uani, na mwanangu anameza dawa na matango katikati yake. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia Hanifa, nikamkumbatia Majidi, nikataka kumkumbatia na Mama Majidi akanikwepa.

"Gauni gani hilo?" akauliza.

Hanifa akainamia sahani. Gauni alilinunua yeye, Dodoma, kwa kukadiria kwa macho.

"La kwangu?" akasema. Akaweka kopo chini. "Lileteni hapa, na fundi aitwe. Kwani kitambaa kimeisha duniani?"

Akakaa kwenye mkeka uani, akamwekea Hanifa sahani mapajani, akamwambia ale. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Tulimtazama akila mpaka akaramba vidole.

Ila daktari alishatuonya kwamba wali wa siku mbili hauponyi kichwa, tusitegemee Jumapili. Basi ndoa ikafungwa asubuhi, raha tupu, Mselemu analia kuliko bibi harusi. Hofu yangu ilikuwa walima wa jioni, chini ya turubai, mbele ya Singida na Mitundu yote. Hanifa alikaa jukwaani ndani ya gauni lililoongezwa kitambaa ubavuni, amependeza huyo. Na saa kumi ilipofika nikaona jicho la kushoto linaanza kuwa jekundu.

Nikakimbilia gari, nimpeleke kwenye oksijeni. Gari letu lilikuwa limezibwa na magari ya wageni mbele na nyuma. Niliporudi, Hanifa ananitafuta kwa macho. Kulikuwa na pazia nyuma ya jukwaa, nikamwonyesha apite huko. Alilitazama pazia, akatikisa kichwa. Akavua viatu, akanyanyua gauni, akashuka kati ya wageni na kuanza kutembea. Majidi akaruka akamfuata.

Muziki ukakatika. Simu zikainuka, zote zinarekodi. Bibi harusi kiganja jichoni, machozi na poda vinashuka upande mmoja. Kwenye meza za Mitundu nikasikia neno lile linapita mdomo hadi mdomo, jini, jini. Nilikuwa tayari kupigana, sisemi uongo, nimeshafunga khanga kiunoni.

Mama Majidi akasimama. Akamwendea mshereheshaji, akachukua kipaza sauti mkononi mwake bila kuomba.

"Mkwe wangu anaumwa kichwa," akasema. "Ni ugonjwa, una daktari, na kichwa kitamwachia. Mlioziba njia katoeni magari. Wengine mpisheni apite."

Akakirudisha kipaza sauti. Akashuka, akashika upande wa kushoto wa Hanifa, upande wa jicho lile, akafungua khanga yake mpya akaitanda kwa mikono miwili kati ya uso wa binti na zile simu, akawa anatembea naye hivyo, kikumbo, akisukuma viti kwa nyonga. Watu walipisha.