Mbao za Mzee Yona

Kata nzima ya Katubuka ilikuwa inaweka marumaru sakafuni, na Winfrida peke yake ndiye aliyesema hataki. Nyumba yake ya kupangisha ilikuwa imekaa miezi saba bila mtu, na dalali Leonardi alikuwa amemweleza wazi: nyumba za marumaru zimejaa mjini kama dagaa wa msimu, mtu mwenye mshahara wake anatafuta kitu cha kumsimamisha mlangoni. Winfrida akaamua kuweka sakafu ya mbao za mninga. Majirani wakasema mama yule ana makuu. Alikuwa nayo kweli, lakini akili pia alikuwa nayo, maana daktari mmoja aliyehamishiwa Kigoma alizisikia habari za mninga akasema Jumamosi atakuja kuona, na ikimpendeza atalipa mwaka mzima.

Fundi Erasto alianza vyumbani, akaja sebuleni, na Jumatano ikabaki pembe moja ya dirishani, saruji tupu. Alikuwa amepima sebule akasahau kwamba ukuta wa zamani umekwenda upande, mbao zikapungua. Mbao nyingine sokoni zilikuwepo, tena nyingi, ila zote mbichi. Na mbao mbichi ukiipigilia leo, baada ya miezi miwili imesinyaa, nyufa zinapitisha kidole.

Hapo ndipo Winfrida alipoukumbuka uvungu wa kitanda cha baba yake.

Mzee Yona aliishi chumba cha uani kwa binti yake huyo, na uvunguni alikuwa na mbao nane za mninga alizozikausha kwa miaka tisa. Hakuna asiyejua ni za nini. Mkewe alipofariki, katikati ya masika, jeneza lilipigwa harakaharaka kwa mbao mbichi za bei rahisi, na wakati wa kulishusha kaburini kitako kikaachia upande mmoja, mbele ya waombolezaji wote. Mzee hakulia siku ile. Alirudi nyumbani akaanza kununua mbao, moja moja, akasema yeye hatashushwa vile.

Winfrida alikuwepo makaburini, aliyaona yote. Lakini mzee alikuwa Kidahwe kwa mdogo wake wakivuna maharage, angerudi baada ya wiki mbili, na kwani mtu anakufa tu ndani ya wiki mbili? Akajiambia atanunua nyingine, ataziweka palepale, hakuna atakayejua. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, na safari hii walilenga penyewe. Erasto alizitazama zile mbao, akauliza kama mzee ameruhusu. Akaambiwa afanye kazi.

Mzee alirudi Ijumaa, kumbe maharage yamewahi kwisha. Aliinama kusukuma begi uvunguni, akabaki ameinama kitambo. Kisha akatoka, akashika njia ya nyumba ya kupangisha, mitaa miwili mbele, Winfrida nyuma yake akiifunga kanga huku anatembea. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alizitambua mbao zake kwa mafundo, akawa anaigusa kila moja kwa ncha ya fimbo.

Winfrida alipiga magoti. Akasema atazing'oa leo hii, na daktari aende zake.

"Fundi amezikata?" mzee akauliza.

"Amezikata, baba. Vipande vipande."

Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Mzee alikaa juu ya ndoo ya rangi, akautazama mkono wake wenye fimbo kama wa mtu mwingine. Winfrida alimwomba amtukane, au ampige hata kofi.

"Kesho mgeni wako akija," mzee alisema, "mwambie avue viatu."

Jumamosi daktari alikuja, akavua viatu alipoambiwa, akatembea mpaka dirishani. Alisema hajawahi kuona mninga uliokauka vizuri namna ile, akauliza mbao za pembe hiyo zimetoka wapi, mbona rangi yake imekolea kuliko zote.

"Ni za baba yangu," Winfrida alisema.

Daktari akafurahi. Akasema nyumba anaichukua, mzee apewe shukrani zake, na kwamba pembe hiyo yenye mwanga ndiyo watakayochezea wanawe. Winfrida akamjibu kwamba salamu zitafika.