Filamu Iliyobaki Nusu

Mbuzi ya kukunia nazi ilianza kusikika uani kabla ya adhana ya alfajiri, krrr, krrr, taratibu, kama vile anayekuna anaogopa kuwaamsha wapangaji wengine. Mwamvita alikuwa macho muda mrefu. Kamera mbili zilikuwa chini ya mto wake, na moja ilitakiwa irudi Kariakoo kabla ya magharibi.

Moja ilikuwa ndogo, ya kuingia mkobani, fleshi yake humo humo, unabonyeza tu. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito, ya lenzi ya kuzungusha, imekuja na kontena la mitumba. Tangu kiwanda kilipopunguza watu, Mwamvita aliishi kwa kupiga picha mitaani Temeke. Kamera yake ya zamani ilipokufa, alichukua kilichobaki cha kiinua mgongo akaenda dukani kwa Kamugisha. Kilitosha kamera moja. Kamugisha alimwona anashika hii anaweka, anashika ile anaweka, akapokea pesa ya ile kubwa, akamfungia zote mbili.

"Kazijaribu kazini, dada. Kesho jioni nirudishie usiyoitaka."

Hakumwandikisha popote. Wafanyabiashara wa namna hiyo walikuwa wanaanza kuadimika mjini.

Alitoka uani. Mama mkwe wake, Bi Rukaiya, alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya vitumbua vya kuuza.

"Mama, shikamoo. Ungekuwa wewe, kubwa au ndogo?"

"Marahaba. Mie najua makaa na nazi, mwanangu. Ila jana ulivyoining'iniza hiyo kubwa shingoni, ulitembea umenyooka."

Mwamvita alicheka. Kubwa ndiyo aliyoitaka. Kule Kurasini kulikuwa na yadi mpya ya makontena, na karani wake, Albano, alikuwa amemwambia waziwazi: "Kamera ya kuchezea watoto siipokei. Njoo na kamera ya kweli, vitambulisho vya vibarua wote nakupa wewe." Kazi ya namna hiyo ingemlisha mwaka mzima.

Lakini kwanza kulikuwa na mwali. Nyumba ya tatu kutoka kisimani, Bi Mwajabu alikuwa anamtoa mjukuu wake Najat, aliyekaa ndani miezi, hajaonwa na jua wala jirani. Mwali hutolewa mara moja tu katika maisha yake. Ngoma zililia, wanawake wakamwinua Najat mabegani, kajaa mafuta na shanga, macho kayainamisha kama alivyofundwa. Mwamvita alizungusha lenzi, akapiga. Akampiga picha Bi Mwajabu akicheza na fimbo yake. Akampiga na somo, mwanamke aliyemfunda, akimfuta mwali jasho kwa ncha ya khanga, kwa mkono mwepesi, bila kumharibia wanja.

"Hiyo kamera kweli kamera!" alisema Bi Mwajabu, akihema. "Mwaka jana mama yake kafa hatuna hata picha yake moja. Huyu nataka nimtundike ukutani."

"Utamtundika, bibi."

Barabarani Mwamvita alisimama. Filamu ilikuwa imebaki karibu nusu. Aliwaza kuikunja na kuitoa, aiache nyumbani salama. Lakini hakuna mpiga picha wa mtaani aliyekuwa akitoa filamu haijaisha. Filamu ilipanda bei kila wiki, na wateja walijua: harusi ya huyu, ubatizo wa yule na pasipoti za wengine hukaa mkanda mmoja, zinasafishwa pamoja. Akafunga mfuko, akashika njia ya Kurasini.

Albano alimpokea getini akitabasamu. Aliishika ile kamera kubwa, akachungulia kwenye lenzi.

"Hapo sasa! Ingia. Wapange kwenye lile kontena jeupe."

Vibarua walijipanga, wamelowa jasho, wengine wakivaa kwa zamu shati moja lenye kola. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Gaudens, mbeba mizigo mwenye mabega mapana na sauti ya kanisani.

"Sista, unipendezeshe. Picha ya mwisho nilipigwa kipaimara."

"Kaza shingo basi, usicheke."

Alikuwa hajamaliza mstari pikapu ilipoingia kwa kasi. Mkuu wa yadi akashuka, funguo mkononi.

"Nani anapiga picha humu? Hili eneo la bandari! Nani kamruhusu?"

Mwamvita alimtazama Albano. Albano alitazama viatu vyake.

"Mimi simjui huyu mama, bosi. Labda kapita wakati mlinzi yuko chooni."

"Kaka Albano, si umeniita mwenyewe?"

"Mama, usinitafutie ubaya kazini kwangu."

"Mlinzi, toa filamu hiyo," alisema mkuu.

"Bosi, nakuomba!" Sauti ya Mwamvita ilipanda. "Chukua picha za hapa zote, mie mwenyewe nitakuletea zikisafishwa. Humo ndani kuna mwali wa watu. Ametolewa leo asubuhi, hatolewi tena!"

"Mwali?" Mkuu alicheka. "Mwali anaingiaje bandarini?"

Mlinzi alikuwa mtu mzima. Alimtazama Mwamvita kwa huruma, lakini kibarua ni kibarua. Alivuta kitufe, mgongo wa kamera ukafunguka. Akauvuta ule mkanda wote juani, mrefu, kahawia, unang'aa. Kisha akamrudishia kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Nje ya geti Mwamvita alikaa kwenye tofali. Hatua nyuma yake zilikuwa za Gaudens na wenzake.

"Sista, asiye na picha kesho haingii getini. Karani kasema hivyo hivyo, hata baada ya haya. Huna namna?"

Mwamvita alifungua mkoba, akaitoa ile ndogo. Ndani yake mlikuwa na filamu ya majaribio aliyoiweka Kamugisha, imebaki picha chache.

"Hazitoshi wote. Kaeni wawili wawili, bega kwa bega. Mkasi utawatenganisha."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mama ntilie, ukuta wake umepakwa chokaa. Wakasimama hapo. Mlinzi alikuja hadi getini, akaangalia. Mwamvita akamwangalia pia, kamera ikiwa usoni.

"Hapa barabarani, baba. Si bandarini."

Mlinzi akageuka, akarudi ndani. Mama ntilie akasogeza masufuria yake ukuta ubaki mweupe, na kila aliyepigwa picha akampa maji ya kunywa, bure.

Jioni, dukani, Kamugisha aliipokea kamera kubwa kwa mshangao.

"Unairudisha hii? Mbona ndiyo inayoheshimiwa?"

"Wanaoiheshimu wameniita ndani, kisha wamenikana. Kwa hii ndogo, watu wamenifuata wenyewe barabarani."

Kamugisha alimrudishia kilichozidi bei ya ile ndogo, akamwongezea filamu mpya mfukoni.

"Utalipa ukipata."

Jua lilikuwa linazama alipobisha kwa Bi Mwajabu. Angeweza kungoja wiki, akasingizia studio. Wengi walifanya hivyo. Aliketi mkekani, akasema yote, tangu geti hadi mkanda uliovutwa juani.

Bi Mwajabu aliweka fimbo yake chini.

"Zote?"

"Zote, bibi. Nisamehe."

"Nilijua nitamwona ukutani." Bibi kizee aligeuza uso, akaanza kukunja khanga ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. "Tumvalishe tena? Haiwezekani. Mwali akishatoka, katoka."

Mwamvita alinyanyuka. Najat, shanga bado shingoni, alimsindikiza hadi mlangoni. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika mlangoni peke yake tangu awekwe ndani.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "nilikaaje? Wakati wamenibeba?"

"Ulikaa kimya, kichwa umekiinamisha. Mafuta yanang'aa mabegani. Bibi yako alikuwa anacheza na fimbo, anakutazama wewe tu, mpaka akamkanyaga somo mguu."

Najat akaziba mdomo, akacheka. Kisha akamshika Mwamvita mkono.

"Mie sikuona kitu, nilikuwa nimeinama. Uje tena, shangazi. Uje unihadithie na yaliyobaki."