Mawese ya Kwaresima

Longinus, seremala wa Kasulu, aliota choa mikononi mwaka ule ule dada yake Maximilla alipomchagua kuwa baba wa ubatizo wa mwanawe. Choa kilipojulikana, Maximilla akatuma salamu kutoka Kibondo: ubatizo ni Pasaka, na mwenye choa hambebi mtoto. Asipopona, atabeba shemeji yake, ndugu wa mumewe. Maneno hayo yalimuuma sana Longinus, maana kwao walizaliwa wawili tu.

Akaenda zahanati. Muuguzi Zuleha, mtu wa Tanga, akampa vidonge vya choa. "Umeze ukishakula chakula chenye mafuta, baba."

Longinus akaitikia vizuri, kisha akaenda kufanya yake. Alikuwa na kiungulia cha miaka, na tabibu mwingine alishampa vidonge vyeupe vya kutafuna akamkataza mafuta. Hilo hakumwambia Zuleha. Tena ilikuwa Kwaresima. Majirani walipoona anakula ugali wa muhogo na maharage yasiyoungwa, walimsifu kwa kufunga, naye sifa akazipokea zote.

Choa nacho kikanawiri.

"Chenyewe hakifungi, Baba Venanti," mkewe Ernesta akamtania. "Kinanenepa."

Kwaresima haijafika nusu, akarudi kwa Zuleha amenuna. "Dawa yenu ni chaki tupu."

"Unakula nini kabla ya kumeza?"

"Ugali na maharage. Tone la mafuta halijagusa ulimi wangu!"

Zuleha alicheka mpaka akashika meza. Dawa ile, akamweleza, bila mafuta huingia mwilini kidogo tu, nyingine inajipitia. Aliposikia habari za kiungulia, akaacha kucheka. "Ungesema, baba. Tabibu wako anakufungia mlango, mimi nabisha hodi, na wote hatujuani. Kula mawese kidogo mchana, usilale umeshiba. Ukichomwa, tafuna hivyo vyeupe baadaye."

Kesho yake Longinus akala mboga ya mawese kibarazani, Kwaresima ikiwa bado haijaisha.

"Mtakatifu wetu kaanguka!" Kipriani, jirani yake, akapiga kelele. Longinus aliona aibu kwelikweli, akachovya tonge jingine.

Siku ya Pasaka, kule Kibondo, Maximilla aliigeuza mikono ya kaka yake juu chini kama anayechagua samaki sokoni. Ilikuwa safi. Akampakatisha mtoto.

Baada ya misa walikula, na kiungulia kikampanda Longinus mpaka machozi yakamlenga. Ernesta akanyoosha mikono ampokee mtoto, mumewe apumzike. Longinus akamgeuzia mgongo, mtoto akiwa bado mikononi mwake.