Mate ya Baraka ya Wariara

Wanawake wa Dundori hawakuja na fujo. Laiti wangekuja na fujo, Wariara angewajibu vilivyo, maana ulimi wake haukuwa na mchezo. Walikuja asubuhi, ukungu ungali umelalia mashamba ya viazi, wakasimama langoni kimya, shuka mabegani, wakimtazama akikama ng'ombe. Kesho yake wakaja tena.

Walichotaka alikijua. Mwanawe Mbugua ndiye mwakilishi wa wadi, yaani MCA. Kwenye kampeni aliapa kujenga daraja, watoto wavuke salama kwenda shule. Alipopata kiti akahamia Nakuru, na simu zao hazikushikwa tena. Masika yakaja, mto ukamchukua Cate, binti wa Sally, mmoja wa wanawake hao. Walimpata huko chini, sweta yake ya kijani imenasa kwenye mizizi.

Mwishowe Sally akamwambia yule bibi kizee.

"Shosho, tulienda kwa wakili huko town. Anasema kumtoa MCA ni sahihi za watu wengi sana, halafu korti. Mpaka hiyo iishe, term yake pia imeisha."

"Sasa mimi nifanye nini? Kwani mimi ni korti?"

"Wewe ndiye ulimbariki. Tulimpigia kura juu ya hiyo baraka yako. Irudishe."

Wariara aliikumbuka siku ile ya kampeni. Uwanjani, mbele ya umati, Mbugua alipiga magoti, naye akamtemea mate kifuani kama wazee wao walivyofanya, akasema, "Nenda, baba." Humwita baba kwa kuwa amebeba jina la baba yake Wariara. Lakini baraka ikiondolewa, mtu hubaki uchi mbele ya kila baya, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tangu mazishi ya Cate kinywa chake kilikuwa kikavu kama unga. Chai haikusaidia, uji haukusaidia.

Jumamosi Mbugua akafika na gari lake kubwa, akawapungia mkono wale wanawake langoni.

"Mathe, hawa hawawezi kunitoa," alisema akicheka. "Wewe nibariki tu tena. Uchaguzi unakaribia."

Akapiga magoti nyasini, akafungua vifungo vya shati.

Wariara alikuwa ameshaamua. Angembariki, na Dundori nzima imchukie ikitaka. Akainama, akasema, "Nenda, baba," na kile kinywa kikavu kikajaa ghafla.

Hayakuwa mate. Yalikuwa maji, baridi, rangi ya udongo, yakamwagikia Mbugua kifuani bila kukoma, hadi shati likamganda mwilini. Yalinuka mto. Kwenye kifungo kimoja ulibaki uzi wa kijani.

"Mathe, nini hii?" Mbugua akainuka upesi.

Wariara akajifuta mdomo kwa kanga. Alilia, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa alijua maji hayo yametoka wapi.

"Ni lile daraja, baba."

Langoni Sally akajitanda shuka yake vizuri. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, polepole, kama watu waliotoka kupiga kura.

Mbugua akaingia nyumbani, akavua lile shati, akajipangusa, akavaa kavu la marehemu babake. Nalo likalowa.